Mtoto Asiyesumbua: Utulivu, Adabu na Mahitaji ya Kihisia Yasiyosemwa

Katika fomu ya maendeleo ambayo shule nyingi za Tanzania huwapelekea wazazi mwisho wa muhula, chini ya alama za masomo huwa kuna jedwali la tabia na mwenendo. Mwalimu wa darasa hukuta vipengele vimekwisha kuchapwa: bidii, utii, usafi, heshima, ushirikiano; kazi yake ni kuweka herufi mbele ya kila kimoja. Mtoto anayekaa kimya tangu kengele ya asubuhi, asiyegombana, asiyeomba kutoka, asiyelia hata akisukumwa uwanjani, huvuna A toka juu hadi chini. Mzazi hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini jedwali hilo halina mahali ambapo mwalimu angeweza kuandika kwamba mtoto huyo hajaonekana akicheka tangu Januari.

Makala haya yanadai kwamba utulivu wa mtoto, peke yake, hauthibitishi lolote kuhusu hali ya moyo wake. Yanadai pia kwamba malezi yetu, kwa kuupa utulivu hadhi ya tunu, yametufanya hodari wa kusikia kilio na wazito wa kuona kinachofuata baada ya kilio kukoma. Sisemi adabu ni ubaya. Mtoto aliyefunzwa kungoja zamu yake ya kusema amepewa akiba ya maisha. Ninachokihoji ni mazoea ya kutia kapu moja kila namna ya ukimya: wa mtoto aliyeshiba na kuridhika, wa mtoto anayeogopa, na wa mtoto aliyekwisha kuona kwamba kuita hakuleti mtu.

Waingereza walichukua muda mrefu kutofautisha ukimya wa kwanza na huo wa mwisho. Hadi katikati ya karne iliyopita, hospitali zao hazikumruhusu mzazi akae na mtoto aliyelazwa, na saa za kumtembelea zilikuwa chache mno. Sababu iliyotolewa ilionekana kuwa ya huruma: mama akija mtoto hulia, akiondoka hulia zaidi, lakini asipomwona kwa siku kadhaa hutulia. Wauguzi hawakuwa wakatili, walisema walichokiona. James Robertson, aliyeanza kuwafuatilia watoto hao mwaka 1948 akifanya kazi na John Bowlby katika kliniki ya Tavistock, London, aliona walichokiona wao, ila yeye alikaa muda mrefu zaidi. Kwanza mtoto hupinga: hulia, hutikisa kitanda, hukodolea macho mlango. Kisha hukata tamaa: hunywea, hula kwa kulazimishwa, hataki mchezo. Mwishowe hujitenga: huanza kula vizuri, humchekea muuguzi yeyote anayepita, na siku mama anapokuja humtazama kama mgeni wa jirani. Hatua hiyo ya tatu ndiyo wodi ilikuwa ikiihesabu kuwa nafuu.

Filamu aliyoitoa mwaka 1952 ilimfuata Laura, msichana wa miaka miwili na miezi mitano aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri. Uzito wa filamu ile unatokana na kwamba Laura hakuwa mtoto wa makelele. Aliuliza habari za mama yake kwa sauti ya chini, akajizuia, akajikaza, na anayeangalia uso wake kwa makini ndiye aliyeona gharama ya kujikaza huko. Baadhi ya madaktari walioitazama walikasirika, wakasema mtoto yule hakuwa mfano wa wengine. Ilipofika mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt iliitaka serikali ya Uingereza iwafungulie wazazi milango ya wodi za watoto, na hata hapo hospitali nyingi zilijivuta miaka mingi.

Mama wa Afrika Mashariki aliyewahi kulala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanawe, chupa ya chai upande mmoja na ndoo ya nguo upande mwingine, atashangaa kwamba jambo kama hilo lilihitaji kamati. Kwetu mama hulazwa pamoja na mtoto bila mtu kuuliza. Nalitaja hili kwa sababu mjadala wa mahitaji ya kihisia ya watoto hupokewa huku mara nyingi kama bidhaa ya kigeni, anasa ya watu wenye vyumba vingi na watoto wachache. Historia ya elimu yenyewe inasema vingine, na sehemu moja muhimu ya historia hiyo ilifanyika mwendo mfupi kutoka Kampala.

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada na aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Uganda akimfuata mumewe aliyeajiriwa na taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alitaka kuchunguza kinachompata mtoto anapoachishwa ziwa, maana alikuwa amesikia kwamba Waganda humhamishia mtoto kwa bibi yake wakati huo. Alipofika alikuta desturi hiyo imekwisha kulegea. Akabadili shabaha. Akiwa na mkalimani wake, Katie Kibuka, alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya kandokando ya Kampala, kila baada ya wiki mbili, saa mbili hivi kila safari, kwa miezi kadhaa. Walikwenda alasiri, wakati ambao wanawake hupokea wageni sebuleni, kwa hiyo alichokiona hakikuwa maabara. Yalikuwa maisha ya nyumbani: watoto wakitambaa kati ya miguu ya wageni na kurudi kushika magoti ya mama zao.

Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kiliwagawa watoto wale 28 katika makundi: 16 waliokuwa na mfungamano wa salama na mama zao, 7 wenye mfungamano wa wasiwasi, na 5 ambao alikuwa bado hajaona mfungamano dhahiri. Kilichowatofautisha hakikuwa wingi wa maziwa ya mama. Jambo lililojitokeza, na ambalo naliona kuwa ndilo la maana kuliko yote katika utafiti ule, ni namna mama alivyojibu alipoulizwa habari za mtoto. Wako waliotoa maelezo tele bila kuvutwa: hulia hivi akisikia usingizi na hivi akiwa na njaa, hapendi kubebwa na fulani, jana aliamka mara mbili akitafuta titi lakini hakunyonya. Wako pia waliojibu kwa ujumla, kana kwamba wanazungumzia watoto wote. Mama wa maelezo tele ndiye aliyeonekana pia kuwa mwepesi wa kung'amua ishara za mtoto wake, na mtoto wake ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa salama moyoni.

Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, Ainsworth aliuchambua wepesi huo katika hatua: kuiona ishara ya mtoto, kuitafsiri sawasawa, kuijibu kwa jambo linalofaa, na kuijibu mapema kiasi cha mtoto kuunganisha jibu na ombi lake. Ukiitazama orodha hiyo, utaona kwamba mapenzi hayakutajwa popote. Si kwamba hayana kazi. Mtu anaweza kumpenda mtoto hadi machozi na bado akamtafsiri vibaya kila siku: akampa pipi aliyetaka kubebwa, akambeba aliyetaka kuachwa achezee maji. Mahitaji yasiyosemwa husomwa kwa ujuzi, na ujuzi huo hujengwa kwa vitu vidogo vidogo vya mtoto mmoja, mwenye jina lake, si kwa nadharia ya watoto.

Utafiti wa Baltimore ulizaa pia jambo linalogusa moja kwa moja hoja ya utulivu. Mtoto wa mwaka mmoja hivi aliingizwa na mama yake katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mama akatoka kwa dakika chache, kisha akarudi. Watoto wengi walilia na kutulizwa aliporudi. Kundi moja, hata hivyo, lilibaki likicheza kama kwamba hakuna kilichotokea, na mama aliporudi halikumtazama. Mtu asiyejua angewasifu kwa kujitegemea. Gottfried Spangler na Klaus Grossmann walipopima miili ya watoto wa aina hiyo nchini Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, waliona kwamba mioyo ilikuwa ikienda mbio, na homoni ya msongo ilikuwa imepanda. Uso ulikuwa shwari. Mwili haukuwa shwari. Mtoto ambaye hajatimiza hata miezi 18 alikuwa amekwisha kujifunza kuficha.

Hapa msomaji makini ataleta pingamizi, na ni pingamizi zito. Je, vipimo hivi havikushonwa kwa mwili wa mtoto wa Marekani, kisha tukavishwa wote? Heidi Keller, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanso wa Kamerun, amedai kwa miaka mingi kwamba nadharia ya mfungamano imeyageuza malezi ya tabaka la kati la Magharibi kuwa kipimo cha binadamu wote. Karibu nasi zaidi, Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Abagusii, kusini-magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1970. Waliona akina mama ambao hawakuzungumza sana na watoto wachanga, hawakujibu vibwagizo vyao vya "ba-ba-ba", na hata waligeuza macho pembeni mtoto alipozidi kuchangamka. Kwa kipimo cha akina mama wa Boston, Marekani, ambao watafiti waliwalinganisha nao, akina mama hao wangepewa alama za chini. Lakini mtoto alipolia, walimfikia haraka kuliko wenzao wa Boston, wakamkumbata, wakampa titi, usiku na mchana. Lengo lao lilikuwa mtoto aliyetulia kwa kuwa ameridhishwa, na walilifikia kwa mikono na mgongo, si kwa maneno.

Nalikubali pingamizi hilo kwa sehemu kubwa, na nadhani linaitia nguvu hoja yangu badala ya kuibomoa. Programu za malezi zinazoenea sasa Afrika Mashariki hutumia istilahi ya malezi yenye mwitikio, mojawapo ya nguzo tano za mwongozo wa mwaka 2018 wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Tanzania imeziingiza nguzo hizo katika programu yake ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Ni hatua njema. Tatizo ni kwamba mwitikio hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni maongezi tu: ongea na mtoto, mwimbie, mwulize anajisikiaje. Mama wa kijijini akisikia hivyo hudhani kwamba alichokuwa akifanya siku zote, yaani kumhamisha mtoto toka mgongo huu hadi ule kabla hajaanza kulia, si mwitikio. Tunahatarisha kuuvunja ujuzi uliopo kwa kuuletea mbadala usio wake. Na mtoto wa miaka sita aliyezoea kwamba mkubwa hamwulizi mdogo habari za moyo wake, ukimketisha ghafla na kumwambia aseme anavyojisikia, atakupa jibu analodhani unalitaka: "Niko sawa, mwalimu."

Mtoto huyo amekwisha kusema mahali pengine. Jumapili jioni tumbo linamuuma, Jumatatu saa nne limepona. Anasusa chakula alichokuwa akikigombania. Amerudia kukojoa kitandani baada ya mwaka mzima wa godoro kavu, na nyumba nzima inamcheka. Anadeka kwa baba tu, au hadeki kwa yeyote. Anamfuata dada yake mkubwa hadi mlango wa choo. Haya yote yanaonekana kwa macho, na katika nyumba iliyojaa watu zamani palikuwa na mtu wa kuyaona, awe bibi, shangazi, au binti wa miaka kumi aliyekabidhiwa mdogo wake mchana kutwa. Sipendi kuipamba familia hiyo ya zamani. Ilikuwa na ukali wake, na binti huyo wa miaka kumi alikuwa naye na mahitaji yake ambayo hakuna aliyemuuliza. Ila kazi ya kumsoma mtoto ilikuwa imegawanywa kwa watu kadhaa, na mmoja akikosa kuona, mwingine aliona.

Mjini kazi hiyo imemwangukia mtu mmoja ambaye hatumhesabu: dada wa kazi. Mzazi anaondoka kabla ya jua kuchomoza ili aiwahi foleni, anarudi mtoto amelala au anasinzia. Kati ya saa hizo, anayejua kwamba mtoto hanywi uji ukiwa na utando juu, kwamba hulala akishika sikio lake mwenyewe, kwamba kulia kwake kwa vipindi kunamaanisha meno na kulia kwa mfululizo kunamaanisha hofu, ni msichana aliyeletwa kutoka mkoani. Ndiye mama wa maelezo tele wa Ainsworth. Kisha hutokea ugomvi wa mshahara, au wa simu, au wa sukari iliyokwisha mapema, na msichana huyo huondoka alfajiri na mfuko wake wa rambo. Mtoto akiamka humkuta mwingine. Baada ya siku tatu hali, halali vizuri, amekuwa mkimya. Hupelekwa kupimwa malaria. Kipimo hutoka hasi. Hupewa dawa ya minyoo. Wiki ya pili huanza kula, na nyumba hushukuru kwamba amezoea.

Huenda kweli amezoea. Huenda pia amefika pale Robertson alipokuita kujitenga. Bila mtu wa kumtazama kwa karibu hatuwezi kujua, na aliyekuwa akimtazama ndiye aliyeondoka. Robertson na mkewe Joyce walilichunguza hasa jambo hili katika filamu zao za baadaye. John, wa miezi 17, alikaa siku tisa katika kituo cha kulelea watoto mama yake alipokwenda kujifungua. Wauguzi walikuwa wema, lakini walikuja kwa zamu. Kila alipomkaribia mmoja, zamu ilikwisha, au watoto wenye nguvu zaidi walimtangulia mapajani. Hatimaye aliacha kuwafuata watu akabaki na dubu mkubwa wa kitambaa, na mama aliporudi alimsukuma. Watoto wengine wanne wa umri unaokaribiana, ambao akina Robertson waliwachukua nyumbani kwao katika hali kama hiyo, hawakuporomoka namna ile. Kabla ya kutengana walikuwa wamezoeshwa. Mama alikuwa ameulizwa mtoto anakula nini na hubembelezwaje. Vitu vyao vya kulalia vilikuja pamoja nao. Jina la mama lilitajwa kila siku. Kwa hiyo kutengana na mama hakuleti madhara yaleyale kwa kila mtoto. Jamii ambazo kwa vizazi zimewalea watoto kwa bibi na shangazi zililijua hilo. Kinachomvunja mtoto ni kukabidhiwa bila makabidhiano.

Tunajua makabidhiano ni nini tunapomwachia mtu duka, gari au ofisi. Dada anayeondoka, hata kwa hasira, angeweza kulipwa siku mbili za ziada ili akae na mwenzake na kumwambia yale ya utando wa uji na ya sikio. Ni gharama ndogo. Sijawahi kusikia nyumba iliyofanya hivyo, ingawa nimesikia nyingi zilizomkagua begi.

Kwa mtazamo huo huo nauona waraka alioutoa Kamishna wa Elimu wa Tanzania mwezi Machi 2023, uliozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa sababu kwamba bweni huwanyima watoto malezi ya karibu ya wazazi, familia na jamii. Wenye shule na baadhi ya wazazi walilalamika, na malalamiko yao hayakuwa ya kupuuzwa: kuna mzazi asiye na wa kumwachia mtoto, na kuna nyumba ambazo si salama kuliko bweni. Lakini hoja moja iliyotolewa mara kwa mara haikubaliki, ile ya kwamba watoto wa bweni "hawalii baada ya wiki ya kwanza". Hospitali za Uingereza zilitumia hoja hiyohiyo, na jibu lake lilipatikana miaka 70 iliyopita. Matron mmoja anayelaza watoto 40 hawezi kuwa msomaji wa yeyote kati yao, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Wakikoma kulia, amepata kilicho bora kwake, na hatujui walichopata wao.

Ni lazima niongeze tahadhari ya upande wa pili. Kuna mtoto mkimya kwa maumbile, anayeridhika kukaa pembeni akitazama wengine, na atakayechoka akigeuzwa mgonjwa. Na kuna haja zinazofanana na huzuni ambazo si za moyo: mtoto aliyenyong'onyea darasani saa tano asubuhi mara nyingi hajanywa hata chai. Mpime malaria kwanza; mpe uji kwanza. Kosa ninaloliogopa si la mzazi anayeanza na kipimo. Ni la anayeishia hapo, kwa kuwa kipimo kimetoka hasi na mtoto hasumbui.

Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maoni yake ya jumla namba 12 ya mwaka 2009, imeeleza kwamba haki ya mtoto kusikilizwa inajumuisha kutambua lugha yake isiyo ya maneno: mchezo, mwili, uso, michoro. Nchi zetu zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto ambao kamati hiyo huusimamia. Katika shule, haki hiyo inaweza kuanzia kwenye ile fomu ya mwisho wa muhula bila kungoja bajeti. Iondolewe safu moja ya herufi, tuseme ya utii, na mahali pake uachwe mstari mtupu ambapo mwalimu ataandika jambo moja alilomwona mtoto huyu akifanya katika muhula, jambo ambalo lisingeweza kuandikwa kwa mtoto mwingine. Walimu watasema, na ni kweli, kwamba darasa la watoto 90 haliruhusu. Baadhi ya mistari itajazwa kwa maneno ya kuzungukia. Lakini mwalimu anayeijaza ataona mapema ni watoto gani anaowajua kwa vituko vyao na ni wepi ambao, baada ya muhula mzima wa kuwaita majina kila asubuhi, hana cha kuwaandikia. Orodha ya hao wa pili ndiyo ya kuanzia nayo muhula ujao, na nadhani wengi wao watakuwa wale wa A.